Nero aliimba Roma ikiungua? Muulize Tacitus!

Mpenzi msomaji, juzi kijiweni nusura nitoane macho na mshikaji wangu kwa sababu ya mtu aliyekufa mwaka 68! Jamaa alishikilia kwamba Kaisari Nero alikuwa akipiga fidla huku mji wake wa Roma ukiteketea. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo tangu shuleni. Lakini hebu fikiria, fidla ilianza kutengenezwa Ulaya katika karne ya 16. Nero angeipata wapi?

Nikaona hapa pana umbeya. Nikamgeukia Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi.

Tacitus anasema moto ulizuka Julai mwaka 64, kwenye maduka ya kando ya uwanja wa mbio za farasi. Kasheshe yake haikuwa ndogo. Kati ya wilaya 14 za mji, zilisalimika nne tu. Nero mwenyewe hakuwepo, alikuwa Antium, mji wa pwani. Aliporudi aliwafungulia waathirika bustani zake, akaleta chakula kutoka Ostia na kushusha bei ya nafaka.

Usidhani Tacitus alikuwa mpambe wake. Thubutu! Ndiye huyo huyo aliyesimulia jinsi Nero alivyoamuru mama yake mzazi, Agrippina, auawe mwaka 59. Jamaa alikuwa hamtaki kabisa, lakini mazuri yake kayaandika.

Halafu ndipo akaipenyeza. Anasema misaada ile haikumsaidia Nero, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba wakati mji unaungua yeye alipanda jukwaani kwake akaimba maangamizi ya Troya. Je, ni kweli? Tacitus hasemi! Hata chanzo cha moto anasema waandishi wametofautiana: bahati mbaya, au hila za Kaisari. Anakuachia mwenyewe. Suetonius, aliyeandika baadaye kidogo, hana simile: kwake Nero aliuchoma mji, akaimba akiwa juu ya mnara.

Tacitus mwenyewe wakati wa moto alikuwa mtoto mdogo. Aliandika miaka kama 50 baadaye.

Sasa sikia balaa la uvumi. Nero alipoona hauzimiki, na hasa alivyojijengea kasri la fahari kwenye eneo lililoungua, akatafuta wa kumbebesha zigo: Wakristo. Tacitus anasema walivishwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wengine wakasulubiwa, wengine wakachomwa usiku wawe taa. Hata yeye hakuwapenda watu hao, lakini anakiri kwamba wananchi waliwaonea huruma, maana walikufa kwa ukatili wa mtu mmoja.

Basi nikarudi kijiweni na mavitu yangu.

"Kwa hiyo aliimba au hakuimba?" mshikaji akaniuliza.

"Tacitus hakusema aliimba. Kasema watu walisema."

Jamaa akaangua kicheko. "Kumbe naye alikuwa mtu wa magazeti kama wewe!"

Kijiwe kizima kikacheka, nami nikacheka. Lakini njiani nikiwa peke yangu ilinichoma. Ni mara ngapi nimeandika "inasemekana" nikalala usingizi wangu, bila kujua nani ameamka na zigo hilo kichwani?

Tafakari nawe, mpenzi msomaji. Tukutane wiki ijayo.