Binti wa Ole Awaaga Wenyeji Wake

Sogeeni karibu, wanangu, mkeka unatutosha. Leo nakusimulieni habari ya binti mmoja wa Ole aliyekaa ughaibuni mwaka mzima kwa watu baki, hata ikafika siku ya kuwaaga na kurudi kwao. Binti huyu nimembuni mimi, ndiyo maana sikumpa jina. Njia aliyoipita ni ya kweli, na vijana wa Unguja, Pemba na Tanzania Bara wameshaipita.

Kwa asiyeijua Ole, iko kaskazini ya mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, nchi ya mabonde ya mpunga na vilima vya mikarafuu. Karibu yake ni Kidike, wanapolala mchana popo wa Pemba. Popo hao hawapatikani pengine popote duniani, na mbawa zao zikikunjuliwa hupita mita 1.5.

Binti yetu alitokaje huko akafika Marekani? Mwaka 2001 Marekani ilishambuliwa, na chuki na hofu zikaenea baina ya watu wasiojuana. Mwaka uliofuata, 2002, ili watu hao wajuane, uliundwa mpango wa YES, ambao leo umebeba majina ya maseneta wawili waliousimamia, Edward Kennedy na Richard Lugar. Mpango huo huwachukua vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoshiriki, wakasome Marekani mwaka mmoja wa masomo na kuishi ndani ya nyumba za watu. Serikali ya Marekani hugharimia masomo na safari. Lakini familia inayompokea kijana hailipwi. Inatoa chumba, chakula na moyo wake kwa hiari. Lishikeni hilo, maana ndilo linaloeleza uzito wa kuagana.

Basi binti akapangiwa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, nchi ya mashamba ya mahindi, isiyo na bahari hata upande mmoja. Alipokewa na baba, mama na watoto wawili wadogo, na watu hao hawakuwahi kuishi na Muislamu. Mama mwenyeji akajifunza kusoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti, asije akamlisha mgeni wake nyama ya nguruwe. Ulipoingia Ramadhani, aliamka kabla ya alfajiri akampashia daku. Theluji ya kwanza ilipoanguka, binti yuko shuleni na viatu vya kitambaa, baba mwenyeji alimfuata na buti mkononi. Naye binti alitoa alichokuwa nacho. Mwezi wa Novemba, katika wiki ya elimu ya kimataifa, alisimama mbele ya wanafunzi wenzake akawaeleza habari za karafuu na popo wa Kidike, na wale watoto wawili wa wenyeji wake wakawa wanachora popo hadi kwenye kuta.

Ikafika Juni. Shule zimefungwa, na masharti ya viza yanasema kijana arudi kwao, akae miaka 2 nyumbani kabla ya kuweza kuomba kuhamia huko. Sababu yake ni nzuri: alichojifunza kiwafae watu wa kwao. Lakini moyo hausomi masharti. Siku za mwisho binti alijifungia chumbani na sanduku lake. Alijiambia kwamba akitoka upesi, bila maneno mengi, hakuna atakayeumia.

Adhuhuri moja bibi yake akampigia simu. Iowa ilikuwa saa 6 mchana, na Ole saa 2 usiku, watu wametoka kusali isha, kwa kuwa wakati huo wa mwaka saa zetu ziko mbele yao kwa saa 8. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, umekula kwao, umelala kwao. Usitoke kama aliyetoka dukani. Waage mmoja mmoja, na uwaombe radhi."

Watu wa kisiwani wana sababu ya kulishikilia jambo hili. Kwetu safari ni kuvuka maji. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba, na ndugu wengi hawakufika. Aliyewahi kumsubiri mtu bandarini hachukulii kuagana kuwa ni jambo la adabu tu. Unamwachia mwenzako moyo mweupe, na wewe unaondoka na moyo mweupe, lolote litakalokuwa.

Basi usiku wa kuamkia safari binti alipika pilau, akawakalisha wote. Hakusema "asanteni kwa kila kitu", kwa sababu shukrani ya jumla haimgusi mtu. Alimtazama baba, akamtajia zile buti za siku ya theluji. Akamtajia mama daku ya usiku wa kwanza, akamkabidhi kanga aliyotoka nayo Ole. Akawataja na watoto na popo wao. Kisha akasema, "Kama nilikuudhini kwa neno au kwa kitendo, nawaomba mnisamehe." Wenyeji hawakuizoea desturi hiyo. Baba alinyamaza kitambo, halafu naye akamwomba amsamehe kwa siku moja aliyomkaripia bila kumsikiliza. Wakalia, na wakalala wamepumua.

Asubuhi safari ikaanza: Des Moines hadi Chicago, Chicago hadi Doha, Doha hadi Dar es Salaam. Angani alisali kwa kufupisha, kama dini inavyomruhusu msafiri. Dar akapanda boti hadi Unguja, na Unguja akapanda meli ya Pemba. Alipoteremka Mkoani ami yake alikuwa anamsubiri, wakashika barabara ya kaskazini, wakapita Chake Chake, wakafika Ole. Msimu wa karafuu ulikuwa unakaribia, na watu wanatengeneza majamvi ya kuanikia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kurudi nako kunataka kujifunza. Usiku wa manane binti alikuwa macho makavu, mchana anasinzia. Hilo si uchawi. Ndani ya ubongo mna saa inayofuata mwanga wa jua, na ukiruka mbali hivyo, saa hiyo husogea kidogo kidogo, takriban saa moja kwa siku. Moyo nao huchelewa vivyo hivyo. Alikuwa amewakumbuka watu wa Ole mwaka mzima, na sasa yuko Ole anawakumbuka watu wa Iowa. Akaona haya, akidhani ni kukosa shukrani kwa wazee wake.

Bibi akamtuliza: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umerudi. Kuwapenda wa kule hakukupunguzii kutupenda sisi." Akamwamuru apite nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee waliomwombea dua, na awape salamu za wenyeji wake. Binti akapita. Kila alipoketi aliwaacha kwanza wao wamweleze ya mwaka mzima: nani kaolewa, nani katangulia mbele ya haki. Baada ya hapo ndipo akaulizwa habari za theluji, na watu wakamsikiliza kwa hamu. Wiki ile ile akawapigia simu wenyeji wake, mama yake mzazi akakaa ubavuni, akamshukuru mama wa Iowa kwa mdomo wake mwenyewe.

Wanangu, si lazima mwende Marekani. Likizo hii wengine mtakwenda kwa shangazi Wete, wengine kwa mjomba Unguja. Kabla hamjaondoka kwao, mtajieni mwenyeji jambo moja alilokufanyieni, mwombeni radhi, na mkifika mpelekeeni habari kwamba mmefika. Na siku mtoto wa watu atakapoletwa nyumbani kwenu akae asome, mpisheni nafasi kitandani, maana ukarimu uliokula kwa watu huwezi kuwarudishia wote wao wenyewe. Mlipeni yule aliyekuja kwenu.