Kentucky: fimbo gani na mulineti gani kwa Mkongomani anayetaka kuvua bass?

Mtu aliyekulia Baraka, Uvira ao Kalemie, akifika Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, hachukui siku nyingi kabla ya kuuliza maji yako wapi. Maji yapo. Kuna mito, mabwawa makubwa, na hata ziwa dogo ndani ya Jacobson Park, mule mule mjini. Samaki pia wapo, na yule anayetafutwa kuliko wengine ni bass: samaki wa rangi ya kijani, mwenye kinywa kikubwa, anayekula samaki wenzake. Kinachokosekana ni chombo. Wavu hauruhusiwi kwa samaki huyo, sheria ya Kentucky inataka akamatwe kwa ndoano na uzi tu. Ndipo mgeni anaingia dukani, anakuta ukuta mzima umejaa fimbo za kuvulia, bei kuanzia dola 20 mpaka zaidi ya 300, na hajui tofauti iko wapi.

Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na Lexington pamoja na Louisville ni kati ya miji yenye Wakongomani wengi. Wengi wao walipitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na asili yao ni Fizi na pwani za Tanganyika. Uvuvi wanaujua. Lakini wanaujua ule wa usiku, wa taa na wavu, wa ndakala na mikebuka. Ao ule wa uzi wa mkononi, bila fimbo, jiwe limefungwa kwenye ncha. Kusimama ukingoni na kurusha chambo cha plastiki mbali mita 25, kisha kukirudisha polepole ukikunja uzi, ni kazi nyingine kabisa.

Kwanza samaki mwenyewe, kwa sababu ndiye anayeamua chombo. Bass hazunguki ovyo ziwani. Anajificha kando ya majani ya majini, chini ya mti ulioanguka ao chini ya gati, anangoja. Kitu kidogo kikipita mbele yake anakivamia, anafungua kinywa na kukivuta ndani pamoja na maji. Kwa hiyo mvuvi anahitaji mambo mawili: kurusha chambo karibu kabisa na maficho hayo, na kumtoa samaki pale kabla hajazungusha uzi kwenye matawi. Uzito si taabu kubwa. Wengi wanaokamatwa hawafiki kilo mbili. Rekodi ya dunia ni ya George Perry, aliyevua bass wa kilo 10 na kidogo huko Georgia mwaka 1932. Manabu Kurita aliilingana katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Miaka 77 kati ya samaki hao wawili. Asiyeamini dukani anaweza kuambiwa anunue fimbo ya kumkamata mamba, lakini bass hahitaji hiyo.

Sasa mulineti, kile kigurudumu chenye mkono kinachokunja uzi. Ziko aina mbili zinazofaa, na hapa ndipo feza nyingi hupotea.

Ya kwanza ina bobini isiyozunguka wakati wa kurusha. Inaning'inia chini ya fimbo. Mvuvi anafungua waya mdogo wa mbele, anashika uzi kwa kidole, anarusha na kuachilia. Uzi unatoka kwa kuruka juu ya ukingo wa bobini, kama mama anayechomoa uzi kwenye kichwa cha bobini iliyosimama mezani. Chambo kikianguka majini, uzi unaacha kutoka. Basi. Hakuna kinachoendelea kuzunguka.

Ya pili inakaa juu ya fimbo, na bobini yake inazunguka yenyewe uzi unapovutwa na chambo. Ni ya watu wenye uzoefu, na ina historia yake pale pale. Mwanzoni mwa karne ya 19, fundi wa saa aitwaye George Snyder, wa mji mdogo wa Paris, safari fupi ya gari kutoka Lexington, alitengeneza mulineti yenye meno ya ndani kama saa, ili mzungusho mmoja wa mkono uzungushe bobini mara kadhaa. Alitaka kuvua bass. Ndugu wawili wa jina la Meek, mafundi wa Frankfort, waliiendeleza, na dunia ikaijua kama mulineti ya Kentucky. Zile zinazometameta leo kwenye meza ya kioo ya duka, zenye bei inayouma, ni wajukuu wa kazi ya fundi huyo.

Uzuri wake ni wa kweli. Kidole gumba kinakaa juu ya bobini, kwa hiyo mvuvi anaweza kusimamisha chambo angani na kukiangusha pale anapotaka. Inabeba uzi mnene na inavuta kwa nguvu samaki aliyejichimbia majanini. Lakini ina ugonjwa mmoja. Chambo kikianza kupunguza mwendo angani, bobini haijui; inaendelea kutoa uzi kwa mwendo ule wa kwanza, uzi hauna pa kwenda, na kufumba na kufumbua mvuvi ana kiota cha ndege mkononi. Kukifungua kunaweza kuchukua nusu saa, ao kisu. Kidole gumba ndicho kinachozuia, na kidole hicho hufundishwa kwa majuma, si kwa saa. Breki za sumaku zilizomo ndani zinasaidia, hazifundishi. Tena aina hiyo haipendi chambo chepesi: chini ya gramu 10 hivi, anayeanza anahangaika tu.

Mtu mwenye mshahara wa kiwandani, mwenye kodi ya nyumba na jamaa wanaongoja msaada Bukavu, hana sababu ya kuanza na hiyo ya pili. Aanze na ya bobini isiyozunguka, ukubwa wa 2500 ao 3000. Namba hiyo imeandikwa kwenye mulineti yenyewe. Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana: mkono wake unahamishwa kulia ao kushoto kwa kufungua skurubu moja. Ile ya juu huwezi. Ukinunua ya mkono usio wako, umeinunua hivyo.

Fimbo nayo husomwa kabla ya kushikwa. Juu ya kishikio kuna maandishi madogo ambayo watu wengi huyapita. Herufi ni nguvu zake: L ni nyepesi, M ni ya katikati, MH imepita katikati kidogo, H ni nzito. Kisha yanafuata uzito wa uzi kwa ratili (lb) na uzito wa chambo kwa aunsi (oz), aunsi moja ikiwa kama gramu 28. Kwa bass, na kwa mulineti ile ya kwanza, fimbo ya M yenye urefu wa futi 6 na nusu ao 7, yaani mita 2 na kidogo, inafanya karibu kila kazi. MH ni kwa atakayevua sana ndani ya majani. Kuna pia neno linaloonyesha fimbo inapinda wapi. Likiwa Fast, inapinda karibu na ncha, na ndoano inaingia haraka kinywani. Hiyo ndiyo ya kuchukua.

Fimbo za kaboni ni nyepesi na mkono unasikia hata samaki akigusa tu. Zile za nyuzi za kioo ni nzito kidogo, zinalegea, lakini zinavumilia kukanyagwa na watoto. Nyingi za bei ya kati zimechanganya vyote viwili. Wataalamu wanasifu fimbo ya kipande kimoja. Lakini wataalamu wana magari. Anayepanda basi la mji, ao anayebebwa na rafiki pamoja na watu wanne kiti cha nyuma, achukue ya vipande viwili bila aibu, bass hatajua.

Fimbo na mulineti zikiuzwa pamoja, tayari zimefungwa, kwa kawaida dola 40 mpaka 70 zinatosha kwa kitu kitakachodumu miaka kadhaa kikitunzwa. Chini ya hapo, mara nyingi tatizo ni breki. Breki ni ile skurubu inayoacha uzi utoke samaki akivuta kwa nguvu, ili usikatike. Dukani, fungua waya, pitisha uzi, funga waya, kisha uvute uzi kwa mkono: utoke taratibu, bila kushtuka-shtuka. Breki inayokwama kisha kuachia ghafla itakatiza uzi siku ile ile samaki mkubwa atakapokuja. Wavuvi wengi huiweka iachilie kwenye robo ya nguvu ya uzi. Kama uzi ni wa ratili 10, yaani kilo 4 na nusu, breki iachilie kwenye kilo 1 na kidogo. Unaweza kupima kwa mizani ya kuning'iniza.

Uzi wenyewe usizidi yale yaliyoandikwa kwenye fimbo. Nailoni ya ratili 8 ao 10 ni rahisi na inasamehe makosa. Uzi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu zaidi, ila unaonekana majini na unateleza kwenye mafundo mabaya. Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 ao 3 chini ya ukingo. Ikijaa kupita hapo uzi unaruka wenyewe, ikipungua chambo hakifiki mbali. Na baada ya kurusha, funga ule waya kwa mkono, usingoje mzungusho wa mulineti uufunge. Jambo dogo, lakini ndilo linalozuia uzi kujipinda.

Vitu vilivyotumika, vinavyouzwa mbele ya nyumba za watu siku za jumamosi, ni nafasi nzuri kwa anayejua kuangalia. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa, pete ina ufa na itakata uzi. Zungusha mkono wa mulineti sikio likiwa karibu. Mlio wa mchanga maana yake ni kwamba ilianguka majini na hakuna aliyeifungua kuisafisha.

Kuna feza ambayo haifai kusahauliwa katika hesabu, nayo ni ya leseni, ao permi kama wengi wanavyoiita. Kentucky, kila mwenye miaka 16 na zaidi anaihitaji, hata akivua kando ya barabara na hata asipokamata kitu. Mwaka wake unaanza tarehe 1 Machi na kuisha mwishoni mwa Februari, kwa hiyo anayenunua Januari amenunua majuma machache. Wikendi ya kwanza ya Juni jimbo linaruhusu watu kuvua bila leseni. Ndiyo siku nzuri ya kuazima fimbo ya jirani na kujaribu kabla ya kununua.

Pamoja na leseni, nunua rula. Kanuni ya jumla ya jimbo ni bass 6 kwa siku, na wale wa kinywa kikubwa wasiwe chini ya inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu. Lakini maji mengi yana kanuni zao. Katika maziwa madogo ya mijini yanayosimamiwa na mpango wa jimbo wa uvuvi wa karibu na makao, Jacobson Park likiwamo, ni bass 1 tu kwa siku, tena wa inchi 15 na zaidi, kama sentimita 38. Mtu aliyezoea kujaza ndoo kwa ajili ya familia na majirani anaweza kujikuta analipa amande bila kujua kosa lake, na samaki wanachukuliwa. Kanuni hubadilika, kibao cha penye maji na kitabu cha mwaka cha idara ya samaki ya jimbo ndivyo vya kufuatwa.

Kwa jikoni, bass ni nyama nyeupe na tamu. Ila samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, na jimbo linashauri wanawake wenye mimba na watoto wadogo wasiwale mara kwa mara. Wadogo walioruhusiwa ni bora kuliko babu yao.

Linabaki swali la wale wanaotaka kumtumia baba ao mjomba fimbo kama hiyo huko nyumbani. Kwa samaki wadogo wa ukingoni, Kivu ao Tanganyika, itamfurahisha. Kwa sangala mkubwa wa Tanganyika ni nyepesi mno: hapo inatakiwa fimbo ya H, mulineti ya ukubwa wa 5000 ao zaidi, na uzi wa kusukwa. Na kwa mbenga wa Lualaba, hata hiyo haitoshi. Bass hana meno ya kukata, mvuvi humshika mdomo wa chini kwa kidole gumba bila kuumia. Mbenga anakata nailoni kama mkasi. Ukituma fimbo Kindu ao Kisangani, tia ndani ya mzigo mita chache za waya wa chuma, na uandike kwenye karatasi kwamba hakuna kuweka kidole mdomoni.