Fahamu: Je, mbwa wa nyumbani aruhusiwe ofisini?

Kwenye ofisi za Amazon mjini Seattle, Marekani, wafanyakazi wamekuwa wakija na mbwa wao tangu miaka ya 1990, kampuni ikiwa bado changa. Wa kwanza kupata umaarufu aliitwa Rufus.

Je, inasaidia? Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth wakiongozwa na Randolph Barker walichapisha utafiti uliofanyika katika kampuni ya kuuza vyombo vya mezani huko North Carolina. Waliokuja na mbwa walisema msongo wao ulipungua kadiri siku ilivyosonga. Waliowaacha nyumbani, ukaongezeka. Lakini vipimo vya mate, vya homoni ya msongo, havikuonyesha tofauti kati ya makundi. Mashabiki wa mbwa ofisini huiruka nukta hii, nami naona si haki.

Kisha kuna wenzao. Wapo wenye pumu au mzio, wapo wanaoogopa mbwa tangu utotoni. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu asilazimike kutangaza ugonjwa au imani yake ndipo apewe meza mbali na mbwa.

Mbwa anayemwongoza asiyeona ni suala jingine kabisa. Marekani na Uingereza, sheria za watu wenye ulemavu humtaka mwajiri alizingatie ombi la mfanyakazi anayemtegemea.