Juu ya Maneno Magumu ya Kiingereza katika Mtihani wa Kuingia Chuo

Katika nchi ya Marekani wako vijana wengi ambao, kabla ya kuingia chuo kikuu, hufanya mtihani uitwao SAT. Vyuo vingine huutaka, vingine humwachia kijana hiari yake. Ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na waliouketia siku hiyo walipata 8,000 na zaidi. Tangu mwanzo uliwapima kwa maneno: watoe kinyume cha neno, au waonyeshe uhusiano wa neno na neno. Ndipo ikazuka desturi ya kukariri orodha ndefu za maneno magumu, mamia kwa mamia. Twataka kuitazama desturi hiyo, kwa kuwa Mswahili anayo katika lugha yake mwenyewe elimu ya kumfaa.

Kwanza tuulize, ugumu huu umetoka wapi? Watu wa Normandi waliitwaa Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama. Baadaye wanavyuoni wakaongeza maneno ya Kilatini na ya Kiyunani. Hivyo aghalabu jambo moja lina majina matatu. Neno ask ni la Kiingereza cha asili, question limepitia Kifaransa, na interrogate limetoka Kilatini. Msomaji asistaajabu. Sisi nasi twasema uliza, neno la Kibantu. Tena twasema hoji na saili, yaliyotoka Kiarabu. Mtoto huuliza, askari huhoji, mtahini husaili. Orodha ingesema kwamba yote matatu maana yake ni moja, walakini kila mwenye lugha ajua kwamba sivyo: kila neno lina mahali pake, na watu wake.

Pili, maneno yana jamaa. Ajuaye kitabu, katibu, maktaba na mkataba husikia ndani yake sauti tatu zile zile za Kiarabu zihusuzo kuandika. Kadhalika katika Kilatini loqui ni kusema. Kwa hiyo loquacious ni mwenye maneno mengi, eloquent ni msemaji fasaha, na soliloquy ni maneno asemayo mtu akiwa peke yake. Ashikaye mzizi mmoja hupata maneno kadhaa kwa kazi ya neno moja. Lakini na awe mwangalifu. Mgeni aweza kudhani kwamba kutubu ni jamaa ya kitabu, kumbe ni jamaa ya toba. Vivyo hivyo invaluable haimaanishi kisicho na thamani, bali kile ambacho thamani yake haikadiriki.

Tatu, neno huchukua desturi pamoja nalo. Zamani palikuwa na swali katika mtihani huo, lililojulikana sana, ambalo jibu lake lilikuwa kwamba mkimbiaji na marathoni ni kama mpiga makasia na regatta, yaani mashindano ya mashua. Kijana wa Lamu, aliyezoea kutazama mashindano ya vyombo baharini, angalilijua jambo lenyewe asilijue jina. Na mtoto wa maskini mjini Chicago huenda angalikosa yote mawili. Je, hapo kilichopimwa ni akili, au ni nyumba aliyozaliwa mtu? Twaona kwamba walioshutumu swali hilo walikuwa na haki.

Mtihani wenyewe umebadilika. Maswali ya kinyume yaliondolewa mwaka 1994, yale ya uhusiano wa maneno mwaka 2005, na mwaka 2016 yakaja maswali ya neno ndani ya habari. Tangu 2024 vijana wa Marekani huufanya kwa kompyuta. Husoma habari fupi, kisha huchagua neno liifaalo, au hueleza maana ya neno mahali pale lilipo. Basi akaririye orodha tu amejiandaa kwa mtihani uliokwisha pita.

Mwanafunzi na afanye hivi. Asome habari za namna nyingi, na kila akutapo neno geni aliandike katika daftari pamoja na sentensi yake nzima. Chini yake aandike mzizi, na maneno yaliyo jamaa zake, kisha atunge sentensi yake mwenyewe. Baada ya siku chache alirudie. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na neno ni mali. Maneno 5 kila siku, kwa siku 200, ni maneno 1,000. Kazi hii haihitaji fedha ya mwalimu wa pekee. Yahitaji daftari, kitabu cha kuazima, na kuanza mapema.