"Kazi ya nyumbani, simu tu inatosha": kweli au si kweli?

Ujumbe unaingia WhatsApp kutoka kwa mtu mliyesoma naye au mnayesali naye: kuna fursa, unafanyia nyumbani, semina ni Jumamosi, kiingilio bure. Kabla hujaenda, pima madai haya ya biashara ya mtandao, yaani ile ya kuuza bidhaa huku ukiingiza wanachama wengine chini yako.

"Kipato kitakua mwezi hadi mwezi."
Si kweli kwa walio wengi. Septemba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii, taarifa zilizoandikwa na kampuni zenyewe. Wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima. Katika kampuni zisizopungua 17, wengi hawakupata chochote. Na nyingi kati ya hesabu hizo hazikuondoa gharama: kifurushi cha kujiungia, manunuzi ya kila mwezi ya kulinda pointi za bonasi, nauli, bando.

"Leta watu sita, nao walete sita sita, umemaliza."
Si kweli. Kwenye ubao wa semina huandikwa 6, 36, 216, 1,296, kisha makofi. Wewe endelea kuzidisha. Ngazi ya kumi peke yake inahitaji watu wapya 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, vichanga wakiwemo. Ukijumlisha ngazi zote kumi unapita milioni 72, yaani nchi imekwisha na bado watu wanatakiwa. Tena watano katika kila sita wako ngazi ya chini kabisa, bila mtu aliye chini yao. Hao ndio huambiwa hawakujituma. Ni dhuluma kuwaambia hivyo, maana hata wangekesha, hesabu isingewaachia nafasi.

"Kampuni imesajiliwa BRELA."
Huenda ni kweli, lakini haitoshi. Usajili kwa wakala huyo wa serikali unaonyesha kwamba kampuni ipo. Hauthibitishi kwamba utalipwa. Kumbuka DECI, iliyowafundisha watu "kupanda mbegu" na kuvuna. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani. DECI haikuwa na sabuni wala majani ya chai ya kuuza, kwa hiyo haikuwa biashara ya mtandao. Lakini mavuno ya waliotangulia yalitoka mifukoni mwa waliofuata, na hicho ndicho cha kuchunguza popote unapoitwa.

"Zote ni utapeli."
Si kweli kisheria. Mwaka 1979 tume hiyo hiyo ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa piramidi, yaani mpango unaolipa kwa kuingiza watu badala ya kuuza bidhaa, kwa kuwa kanuni zake ziliwataka wasambazaji wauze kwa wateja halisi na kuruhusu mzigo kurudishwa. Mwaka 2016 kampuni nyingine, Herbalife, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake ili malipo yafuate mauzo. Basi uliza: nani ananunua bidhaa hii kwa bei hii bila kutafuta bonasi?

"Kirutubisho chetu kinatibu kisukari na presha."
Usikubali. Kirutubisho si dawa, na mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

"Aliyeniunganisha ananitapeli makusudi."
Mara nyingi si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtazame dada mwenye maboksi ya dawa ya meno chini ya kitanda, yaliyonunuliwa kwa mkopo wa VICOBA. Mwisho wa mwezi unakaribia. Asipopata wawili wa kujiunga, anashuka cheo. Anakupigia wewe kwa sababu anaamini alichoambiwa, na kwa sababu wengine wote wameacha kupokea simu zake.

Akija, mkaribishe, kisha muombe mkae na daftari. Mwaka huu amenunua mzigo wa shilingi ngapi? Wasio wanachama wamenunua kwake kiasi gani? Baada ya nauli, bando na riba, kimebaki nini? Kama hakuna kilichobaki, usitoe hela yako. Lakini usimwache hapo: msome naye mkataba wake, mtafute kipengele cha kurudisha mzigo, na muiandikie kampuni pamoja kabla muda wa kurudisha haujapita.