Usiandike neno la siri ndani ya amri

Ndugu wenzangu, wengi wanaofanya TFC juu ya mvua ao udongo wanapakua data za NASA kwa wget, na Earthdata inaomba jina na neno la siri. Wengine wanaandika vyote pamoja: --user=jina --password=siri. Data zinashuka, lakini neno lile linabaki fasi mbili.

Kwanza, bash inaweka amri zako ndani ya faili .bash_history. Mwenye kutumikisha konti ileile ya labo nyuma yako anabonyeza mshale wa juu tu, analiona. Pili, kwenye Linux, wakati data zingali zinashuka, mtu mwingine aliyeingia ku mashine ile akiandika ps aux anaweza kusoma amri yako yote. Atajaribu neno lile ku email yako pia, fasi TFC yenyewe iko.

Dawa ni mbili. Ku kompyuta ya watu wengi, andika --user=jina --ask-password: wget itakuuliza, na unachoandika hakionekani ku skrini. Ku kompyuta yako mwenyewe, weka neno ndani ya faili .netrc, kisha chmod 600 .netrc, ili konti zingine zisiisome.

Na kama umekwisha kuliandika? Kufuta historia peke yake haitoshi, juu haujui nani amelisoma. Badilisha neno lenyewe, leo hii, fasi zote unalitumia.