Kabla ya Kupuliza Dawa, Mpige Picha Kwanza

Viboga vikianza kugeuka njano na kudondoka vingali vidogo kama ndimu, wengi hukimbilia bomba la dawa. Mdudu aliyeonekana juu ya ua ndiye mshtakiwa. Mara nyingi anaonewa bure: huenda kiboga kimedondoka kwa sababu hakuna mdudu aliyefika.

Mmea wa maboga una maua dume na maua jike. Jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na ndani ya saa hizo chache lazima nyuki abebe chavua kutoka dume hadi jike.

Simu ya kawaida inatosha kujua nani anatembelea bustani, na watoto huipenda kazi hii. Saa 1 asubuhi wadudu bado wana baridi, hawaruki ovyo. Sogea polepole kutoka ubavuni, kivuli chako kisiwaangukie. Shika kikonyo upepo usikitikise, gusa kioo pale alipo mdudu, kisha piga picha nyingi. Kumi zikitoa moja safi, si haba. Mzinga wa nyuki usisogelewe kamwe.

Baadaye kuzeni picha mhesabu mabawa. Yule mwenye mistari ya njano aliyewatimua watoto wakidhani ni nyigu, akiwa na mabawa mawili tu, ni nzi. Haumi, na viluwiluwi vya wengi wa jamii yake hula vidukari.

Kwenye pasheni atakuja nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao na kuuawa kwa ufagio. Ua la pasheni limeweka chavua juu, mbali na asali yake. Nyuki mdogo mara nyingi hunywa akaondoka bila kuigusa. Mkubwa huipakaa mgongoni na kuipeleka ua jingine. Anayemuua asishangae pasheni zikiwa haba.

Picha zikionyesha vidukari vimejazana, dawa ipulizwe jioni, nyuki wakisharudi, wala si juu ya maua yaliyo wazi.

Na asubuhi tatu zikipita bila mgeni? Chuma ua dume lililofunguka, menya petali zake, pakaza chavua katikati ya ua jike. Kikishika, baada ya siku chache kiboga kitaonekana kinanenepa.